Swali la Lugha: Mwanga huchanganua mafuta ghafi au huyapambanua?

"Assalaam alaykum, Ustadhi. Nasoma kemia chuoni na nimerudi Lamu likizo. Babangu, fundi wa majahazi Matondoni, ameniuliza: mafuta ya Turkana yakiletwa huku kwa bomba, itajulikanaje yana nini ndani yake? Nimemwandikia ukurasa mmoja, nakuambatishia, lakini nimekwama. Niseme spektroskopia, yaani uchunguzi wa vitu kwa mwanga, 'huchambua', 'huchanganua' au 'hupambanua' mafuta ghafi? Na molekuli ina 'umbo' au 'muundo'?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Andika hupambanua, na andika muundo. Sababu zote mbili zipo pale anapofanyia kazi baba yako.

Kuchambua ni kazi ya vidole. Huchambuliwa mchicha, huchambuliwa pamba kabla ya kutiwa mafuta na kushindiliwa kwenye nafasi za mbao wakati wa kalafati. Neno limepanda hadi kwenye uhakiki wa mashairi, na limepanda kwa haki, lakini asili yake ni mkono unaotoa hiki na kuacha kile. Kuchanganua nako ni kinyume cha kuchanganya, kama kufumua kulivyo kinyume cha kufuma: vilivyoingiliana vinarudishwa mbalimbali. Mafuta ghafi huchanganuliwa kweli, ila kwa moto. Yakikenekwa, petroli hutangulia kupanda mvuke, mafuta ya taa hufuata, kisha dizeli, na mazito ya kutengenezea lami hubaki chini.

Spektroskopia haifanyi hivyo. Tone huwekwa kwenye njia ya mwanga, na likiondolewa ni tone lilelile, halikugawanyika. Kilichobadilika ni mwanga: sehemu zake fulani zimemezwa na molekuli, na kwa kutazama kilichomezwa mkemia anajua kilichomeza. Huko ndiko kupambanua. Mtu akisimama Shela jioni hujua lile ni jahazi na ile ni mashua kwa mkao wa tanga tu, vyombo vyenyewe vingali mbali na hakuna aliyevigusa.

Chukua miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kaboni na haidrojeni zilizoshikamana hutikisika, na mtikisiko huo humeza miale yenye mawimbi kama 2,850 hadi 2,960 katika kila sentimita. Kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu humeza karibu na 1,700. Minyororo mirefu ya kaboni, ile inayofanya nta, hujionyesha karibu na 720. Hapa pa mwisho mweleze mzee taratibu, maana panahusu swali lake hasa. Mafuta ya bonde la Lokichar huko Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ndiyo sababu bomba la kuyafikisha Lamu lilipangwa liwe la kupashwa joto njiani.

Utaniambia kwamba maabara hufanya yote mawili, na ni kweli. Mara nyingi mafuta huchanganuliwa kwanza katika mafungu, ndipo kila fungu likapambanuliwa kwa mwanga. Kwa hiyo ukitumia kitenzi kimoja kote, msomaji hatajua uko hatua gani. Miaka ya 1930 mkemia Mjerumani, Alfred Treibs, alipambanua kwa spektroskopia pofirini ndani ya mafuta ghafi, molekuli za ukoo mmoja na klorofili ya majani. Ulikuwa ushahidi mzito kwamba mafuta yale yalianza kama viumbe hai. Ugunduzi wa namna hii unastahili kitenzi chake kamili, na kila nikisoma "alichambua mafuta" naona tumempunja.

Sasa umbo na muundo. Umbo la jahazi huonekana kwa mbali. Muundo ni mkuku umelazwa vipi, mataruma yamesimama wapi, mbao zimeshikana na nini. Neno limetoka kwenye kuunda, kitenzi ambacho Matondoni hakihitaji maelezo. Gesi mbili, butani na isobutani, zote zina kaboni 4 na haidrojeni 10, ila moja imepangwa kwa mnyororo mmoja na nyingine ina tawi. Vipande ni vilevile, muundo umetofautiana. Umbo usilitupe, lakini. Asfalteni, zile molekuli nzito za mafuta, zina kiini cha pete zilizoungana, na kiini hicho ni bapa. Ukieleza ubapa wake, hapo sema umbo.

Spektroskopia iache kama ilivyo, katika ngeli ya i-zi. "Elimumwanga" uliyojaribu mstari wa pili ni pana mno, inazoa hata miwani na vioo.

Nimeona mawili mengine ya kurekebisha. Umeandika "mafuta machafu". Ghafi si uchafu: pato ghafi ni pato kabla ya makato, na mafuta ghafi ni mafuta kabla ya kusafishwa. Tena umeandika "yamechunguzwa na spektroskopia". Na ni ya mtendaji, kwa ni ya chombo, kama vile mbao huchongwa na fundi kwa tezo. Sentensi yako ya kwanza basi isomeke hivi: "Mafuta ghafi huchunguzwa na mkemia kwa spektroskopia, akapambanua molekuli zilizomo na muundo wa kila moja." Msomee mzee kwa sauti, na asipoelewa mahali niandikie tena.