Mashine ya getini haiwalindi walioko paking

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Maryland, nilisoma kwenye chuo kimoja cha kihistoria cha Wamarekani weusi. Wahitimu tunaandaa nyama choma paking siku ya sherehe za kurudi chuoni. Kuna kampuni inatuuzia mashine ya kukagua silaha na mabaunsa wa getini, wanasema tukilipa tumemaliza. Tukubali?

JIBU: Marahaba dada. Mashine si mbaya, ila hilo neno "mmemaliza" nalisikia kila msimu na linanikera kwelikweli, maana anayelisema hajaangalia risasi zinapigwa wapi. Angalia vyuo vitatu kama chenu, kwenye sherehe hizohizo za kurudi chuoni. Chuo cha Morgan State, Baltimore, Oktoba 3, 2023: watu walishatoka ukumbini kumtawaza malkia na mfalme wa chuo, wako nje karibu na hosteli, 5 wakapigwa risasi, wanne wanafunzi, na polisi walisema aliyelengwa hakuwa hata mmoja wao. Chuo cha Tuskegee, Alabama, Novemba 10, 2024, saa saba kupita usiku kwenye eneo la hosteli, kijana wa miaka 18 ambaye hata hakuwa mwanafunzi akafa, 16 wakaumia, 12 kati yao kwa risasi. Chuo cha Lincoln cha Pennsylvania, Oktoba 25, 2025, mechi imeisha, watu wanakula na kunywa kwenye magari yao, risasi zikapigwa, mmoja akafa na 6 wakajeruhiwa. Zote usiku, zote shughuli yenyewe imeshapita, na geti la uwanja halikuhusika kabisa.

Kwa hiyo hela yenu ipelekeni kwenye masaa ya mwisho. Wekeni saa ya kufunga na muitangaze mapema, muziki uzimwe kabla ya hapo, taa ziwashwe zote, walinzi wapite katikati ya magari na sio kusimama kwenye kamba, njia ya ambulensi ibaki wazi, na wahudumu wa huduma ya kwanza wenye mikanda ya kuzuia damu wasiondoke mpaka gari la mwisho litoke, maana damu ikivuja kwa wingi kwenye mguu dakika chache tu mtu anaweza kufa. Na polisi wa chuo wajue mpango wenu kabla, sio siku hiyohiyo.

Na hili nawaambia waandaaji wote, siyo nyie tu: ukiona kampuni inakuuzia ulinzi bila kuja kuitembea paking yako usiku, hiyo inauza mashine. Waulizeni saa saba usiku watu wao watakuwa wamesimama wapi, na jibu liandikwe kwenye mkataba kabla hamjalipa hata senti.