Senti kumi yenye tundu lililohama: ni kosa la kiwandani au la mtaani?

Mkuu, umeuliza kama senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1952, yenye tundu lililokaa upande, ni kosa la kiwandani. Picha peke yake haiamui. Tafuta kioo cha kukuzia mara 10, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, na senti kumi nyingine nzima ya mwaka huohuo. Hiyo ya pili ndiyo kipimo chako.

Kiwandani vipande vya mviringo vilitobolewa kwanza, ndipo vikagongwa mihuri, yaani vyuma vyenye mchoro wa sarafu. Kwa hiyo kipande kikitobolewa pembeni, mchoro bado hukaa mahali pake: pembe za ndovu ziko sawa, na ule ukingo ulioinuka wa kuzunguka tundu unabaki katikati ya sarafu huku tundu lenyewe likiukata upande mmoja. Pigo la muhuri husukuma metali kuelekea uwazi, hivyo mdomo wa tundu huwa laini na hauna ncha za kukwaruza kidole.

Sasa pima kipenyo cha tundu. Likiwa duara na sawa na la mwenzake, na uzito ukakaribiana, huenda ni kosa la kiwandani kweli. Likiwa na umbo la yai na sarafu imepungua uzito, mtu amelipanua kwa tupa, au limeliwa na waya. Senti hizi zilivishwa kamba na kutumiwa kama wosha za bati, kwa hiyo tundu lililoharibika ni la kawaida mno. Sarafu isiyo na tundu kabisa lazima iwe nzito kuliko ya kawaida. Tafuta mstari wa lehemu au tofauti ya rangi katikati, maana kuziba tundu ni kazi rahisi kwa fundi.

Makosa mengine yana kanuni moja kubwa: ufa wa muhuri huacha mstari ULIOINUKA juu ya sarafu, mkwaruzo huacha mstari uliozama. Wauzaji wengi wanachanganya hapo. Sarafu yenye ukingo uliomegeka kwa duara, itazame upande wa pili kabisa wa pengo: kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya kugongwa, ukingo wa upande huo mara nyingi huwa hafifu. Pengo lililokatwa mtaani haliugusi.

Herufi zenye kivuli zinadanganya zaidi. Kivuli bapa, cha chini, kama ngazi iliyobanwa ubavuni mwa herufi, hutokana na muhuri kutetereka wakati wa kugonga, na thamani yake ni ndogo. Muhuri uliochongwa mara mbili hutoa herufi mbili kamili, zenye mwinuko, na ncha zake zimegawanyika. Mulika taa kutoka ubavuni, geuza sarafu polepole, utaiona tofauti.

Pia kuna vitu vinavyouzwa kama makosa na si makosa. Herufi ndogo H, KN, SA na I ni alama za viwanda (Heaton na King's Norton vya Birmingham, Pretoria, na Bombay). Kukosa herufi si kosa, ni kawaida kwa zilizopigwa London. Vivyo hivyo senti za 1936 zenye jina EDWARDVS, yaani Edward wa Nane wa Uingereza: mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo, lakini sarafu zilikuwa zimeshatolewa rasmi. Kutokuwa na kichwa cha mfalme pia si kosa. Senti zote za tundu hazina.

Usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya shaba kabla ya uchunguzi. Ngozi ya metali ndani ya tundu ndiyo ushahidi wako: ikiwa na rangi ileile ya kale kama uso wa sarafu, tundu ni la zamani, ikiwa inang'aa nyekundu wakati uso ni mweusi, limechezewa karibuni. Weka picha tatu hapa: pande zote mbili zikiwa wima, na mdomo wa tundu kwa karibu, pamoja na uzito wa sarafu zote mbili.