Sheikh, nyumba nimemaliza lakini moyo mtupu: furaha ya kweli ipo au tunadanganyana?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Tanga. Nimefanya kazi za ndani Muscat miaka sita, kila mwezi natuma hela namjengea mama nyumba. Mama akafariki nyumba bado haijaezekwa, bosi akanikatalia ruhusa, mazishi nikayaona kwenye simu nikiwa jikoni kwa watu. Mwaka jana nimerudi, nyumba nimeimaliza, taili, maji ndani, geti, kila mtu ananiambia hongera. Lakini mimi sisikii chochote sheikh, moyo mtupu kabisa, naswali lakini kama naswalisha mwili tu, saa tisa usiku niko macho mpaka adhana. Ustadhi mmoja akaniambia muumini wa kweli hahuzuniki, kwa hiyo ama imani yangu ina kasoro au kuna jini limenifuata kutoka Uarabuni. Nimesomewa mara tatu, kila mara laki moja na nusu. Shoga yangu naye ananitumia video za wahamasishaji eti furaha ni uamuzi wako mwenyewe. Je, furaha ya kweli ipo hapa duniani? Na mimi imani yangu imeharibika?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, maswali ya furaha huwa nayaacha maana mengi ni ya watu wanaotaka maneno mazuri ya kuweka stetasi. La kwako nimelisoma baada ya isha nikashindwa kulala nalo, na sababu hasa ni huyo ustadhi, maana si wewe wa kwanza. Mwezi huu peke yake ni mtu wa tatu ananiletea maneno hayo hayo, muumini hahuzuniki, muumini hahuzuniki, mpaka najiuliza hawa wenzetu msahafu wanaousoma ni huu huu au kuna mwingine.

Naanza nao hao, samahani, wewe nitakufikia.

Dalili yao nnaijua. Ni aya ya 62 ya Suratu Yunus, kwamba vipenzi vya Allah hawana khofu wala hawahuzuniki. Wanaikata hapo halafu wanamgeukia mgonjwa, "sasa wewe mbona una huzuni, kwa hiyo si kipenzi." Hebu tuwaulize, Mtume wetu swallallahu alayhi wasallam ni kipenzi cha Allah au si kipenzi? Kama ni kipenzi, na hakuna anayebisha, basi wafungue Suratul An'am aya ya 33, Allah anamwambia Mtume wake waziwazi kwamba tunajua yanakuhuzunisha wanayoyasema. Yanakuhuzunisha! Allah anathibitisha huzuni ya kipenzi chake mkubwa kuliko wote na hamlaumu kwayo, anampa pole. Kwa hiyo ile aya ya Yunus ina mahali pake, na mahali pake pamefafanuliwa kwenye Fussilat aya ya 30, pale malaika wanapomteremkia muumini na kumwambia msiogope wala msihuzunike na furahini kwa Pepo, na wafasiri wengi wamesema hayo ni wakati wa kutoka roho na yanayofuata baada yake. Ni ahadi ya huko mbele. Kuichukua ahadi ya akhera ukaifanya mtihani wa kumpima mama wa watu aliyefiwa, huko si kufasiri, ni kumuongezea mtu msiba.

Na Nabii Yaaqub je? Mtoto wa nabii, mjukuu wa nabii, baba wa nabii, alilia mpaka macho yakawa meupe, Qur'ani ndiyo inasema. Na walipomlaumu watu wa nyumbani kwake alijibu kwamba mimi namshtakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu. Hakusema sina huzuni. Alisema anakoipeleka. Na Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yakamtoka mbele za watu, akashangaa Abdurrahman bin Auf, hata wewe ewe Mtume wa Allah? Akamjibu kwamba hii ni rehema, kisha akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Ipo kwenye Bukhari, kitabu cha hadithi sahihi. Na humo humo kwenye Bukhari, Anas aliyekuwa akimtumikia anasema alikuwa akimsikia mara nyingi akiomba, Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni. Sasa kama huzuni haimpati muumini, Mtume alikuwa anajikinga na kitu gani, tena mara nyingi?

Nimerefusha makusudi kwa sababu maneno haya yana biashara nyuma yake. Ukishamwambia mtu huzuni yako ni jini, hatua inayofuata ni bei. Ruqya, yaani kusomewa, ni sunna sikatai, na majini yapo sikatai, lakini huyo jini mwenye pasipoti aliyekata tiketi Muscat kukufuata mpaka Tanga ni nani aliyemuona? Laki nne na nusu umeshatoa binti yangu, hela ya kupigia watu deki miaka. Usitoe tena hata shilingi. Jisomee mwenyewe Fatiha, Ayatul Kursiyyu, Kul huwallahu na Kul audhu mbili, viganja vyako unavyo, maji unayo, na kwa Mola wako huna haja ya dalali.

Kuna na wale wa upande wa pili, maana nikijibu hivi watanijia. Watasema basi sheikh kubali tu furaha haipo, dunia ni jela ya muumini, hadithi sahihi hiyo, imo kwenye kitabu cha Muslim. Ni sahihi ndiyo. Lakini aliyesema hayo ndiye aliyesema pia kwamba mfungaji ana furaha mbili, furaha anapofuturu na furaha anapokutana na Mola wake. Hebu itazame vizuri hii, kwa sababu swali lako limejibiwa humu ndani. Ya kwanza ni ya hapa hapa, tende na maji, uji wa pilipili manga, kibao cha mbuzi kiligongwa tangu alasiri, na Mtume ameiita furaha, hakuidharau akasema hiyo ni ya tumbo. Na pia amesema katika mambo ya sa'ada ya mtu, yaani furaha na heri yake, ni mke mwema, nyumba yenye wasaa, jirani mwema na kipando kizuri. Nyumba imo! Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ulikosea kujenga. Ila furaha hizi zina tabia yake. Ya futari unaisikia kwa sababu ulishinda na njaa, aliyekula mchana kutwa tende ile ile anaitema kokwa akaangalia simu. Na ukishashiba imekwisha, ni dakika chache tu, hakuna aliyewahi kuifanya futari ikae mpaka daku.

Ya pili ndiyo isiyokwisha. Na hapa kuna jambo mimi hunistaajabisha, mzizi wa lile neno sa'ada, Qur'ani nzima umekuja sehemu mbili tu, zote ndani ya Suratu Hud, aya ya 105 na ya 108, na zote zinazungumzia siku ya Kiyama, kwamba watu watakuwa wenye taabu na wenye furaha, na wenye furaha watakuwa Peponi. Hakuna mahali Allah amesema ukiamini utakuwa na sa'ada kila asubuhi hapa duniani. Alichokuahidi hapa ni kitu kingine, ala bidhikrillahi tatma'innul quluub, kwa kumkumbuka Allah nyoyo hutulia. Kutulia. Na kutulia si kuchekacheka, utulivu unaweza kukaa chumba kimoja na huzuni, kama alivyokuwa Mtume siku ile ya Ibrahim, machozi yanateremka na ulimi hausemi ila la kumridhisha Allah, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza, furaha ya kweli ipo, ya hapa inakuja na kuondoka kama futari, ya kudumu iko kwa Allah, na katikati tumepewa utulivu wa kusafiria.

Hao wahamasishaji wa shoga yako sina mengi nao. Mtu anayesema furaha ni uamuzi inabidi aeleze kwa nini Yaaqub hakuamua.

Sasa wewe.

Umeniandikia moyo mtupu. Sijui kama unajua umetumia neno la Qur'ani. Suratul Qasas aya ya 10, mama yake Musa baada ya kumtia mwanawe mtoni, wa asbaha fu'aadu ummi Musa faarigha, moyo wake ukapambaukiwa mtupu. Ibn Abbas akasema mtupu wa kila kitu isipokuwa Musa. Huyu ni mwanamke aliyepewa ilhamu na Allah, aliyeahidiwa kwamba mtoto atarudishwa, na bado moyo ulikuwa mtupu mpaka alikaribia kutoboa siri. Na Allah hakumuuliza imani yako iko wapi. Amesema tuliufunga moyo wake, yaani tuliukaza usimponyoke, ili awe katika waumini. Na Maryam alipokuwa kwenye uchungu chini ya mtende akatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo, akaambiwa usihuzunike, na pale pale akaonyeshwa kijito na tende mbivu, kula na unywe. Chakula kwanza. Neno "usihuzunike" kwenye Qur'ani ni la kumpoza mtu ambaye tayari anahuzunika, hawa wenzetu wameligeuza la kumshtaki.

Mimi nimesoma maneno yako mara tatu na sioni mtu aliyekosa imani, wala sioni hasa mtu aliyekosa furaha. Naona mtu mwenye msiba ambao hakuukalia. Wenzako walikaa matanga, walilia wakashikwa, wakasoma khitma, wakapika, wakagombania hata sufuria, wewe siku ile ulimaliza kuangalia simu ukaendelea kuosha vyombo vya watu. Na baada ya hapo ukajificha ndani ya ujenzi. Bati, plasta, taili. Fundi akimaliza chumba unampa kingine. Siku fundi alipobeba ndoo yake akaondoka ndiyo ulipofiwa. Nyumba ilikuwa ni sababu ya kuvumilia, na mwenye nyumba hayupo, sasa taili zitakufurahisha vipi?

Najua kuna atakayesema sheikh, si imekatazwa kuomboleza zaidi ya siku tatu isipokuwa mke kwa mumewe? Kilichokatazwa ni ihdaad, mtu kuacha mapambo na manukato na kujiweka katika hali ya kufiwa kwa makusudi. Huzuni ya moyo haina kalenda. Yaaqub ilimkaa miaka.

Kwa hiyo tafuta mtu uongee naye habari za mama. Dada zake kama wapo, majirani wa zamani, kaa nao jamvini wakusimulie siku zake za mwisho, alikula nini, alisema nini, alikutaja vipi. Utalia, lia. Na hilo la kukesha tangu saa tisa na mwili kukonda (hukusema umekonda lakini nadhani umekonda) ulipeleke kwa daktari, hospitali ya Bombo si mbali, mwambie kama ulivyoniambia mimi, usione haya ukasema unaumwa kichwa. Mtume amesema tafuteni dawa enyi waja wa Allah. Bibi Aisha alikuwa akifiliwa na mtu wa kwao, watu wakishatawanyika, anaamrisha ipikwe talbina, uji wa shayiri, na anasema amemsikia Mtume akisema unauburudisha moyo wa mgonjwa na unaondoa sehemu ya huzuni. Sehemu, si yote. Na Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa, Hujjatul Islam mwenyewe, mwaka 1095 akiwa mwalimu mkubwa Baghdad, ana cheo, ana wanafunzi wamejaa, alikaa karibu miezi sita moyo umemvurugika mpaka ulimi ukakataa kufundisha na chakula kikamshinda, madaktari wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Angekuja kwa huyo ustadhi wako angeambiwa ana jini la Baghdad.

Na swala usiiache kwa sababu huisikii. Mwili unaokwenda kusujudu bila ya kupata ladha umebeba mzigo mkubwa zaidi, na Allah anauona. Mimi nilipofiwa na baba wiki nzima nilikuwa naswalisha nikisahau rakaa, maamuma wananikumbusha subhanallah subhanallah kama mtoto wa chuo.

Limebaki moja, nililiweka la mwisho. Saad bin Ubada radhiyallahu anhu alimwendea Mtume akasema, mama yangu amefariki na mimi sikuwepo, je itamfaa kitu nikimtolea sadaka? Akamwambia ndiyo. Saad akasema basi nakushuhudisha bustani yangu ya Mikhraf ni sadaka kwa ajili yake. Sikuwepo, binti yangu, neno lako hilo hilo, Swahaba kalitangulia, na hakuambiwa jitahidi usahau, alipewa njia ya kumfikia mama yake. Umesema nyumba ina maji ndani. Toa bomba moja nje ya geti, upande wa barabarani, wapitao na watoto wa chuo wanywe, utie nia ya mama. Mita ikisoma sana punguza saa za kulifungua, hakuna tatizo. Na nyumba ukaitaja kwa jina lake, nyumba ya mama, usione ajabu, ndivyo ulivyoijenga.

Fundi bomba akikutajia bei ya mtu aliyetoka Uarabuni nijulishe, hapa msikitini tuna kijana anafanya kazi hiyo na haongopi.

Wallahu aalam.