Kashiwa Reysol ina mataji mangapi? Inategemea nani kakata historia, na kaikata wapi

SWALI: Habari za kazi, mzee wa takwimu. Mimi ni shabiki wa Kashiwa Reysol tangu Mkenya mwenzetu Olunga alipokwenda kuichezea kule Japani. Hapa kijiweni tunabishana hadi chai inapoa. Ukurasa mmoja unasema Kashiwa imechukua ligi mara moja, mwingine mara mbili. Kombe la Mfalme, huku wameandika moja, kule matatu, na hilo la mwisho mara ni la 2012, mara la 2013. Kuna jamaa anayetuuzia mikeka ya kubeti katutumia picha yenye "historia kamili ya klabu tangu 1993". Tumwamini nani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ugomvi wenu wote umeletwa na hayo maneno "tangu 1993". Barua za namna hii hunifikia kila mara. Timu hubadilika, leo Urawa, kesho Kashiwa, lakini kosa ni lile lile. Mtu kasikia kwamba J.League, ligi ya kulipwa ya Japani, ilianza 1993, basi kaamua kuwa kabla ya hapo Wajapani walikuwa wakicheza besiboli tu.

Na kwa Kashiwa kosa lenyewe linachekesha zaidi, kwa sababu 1993 timu hiyo haikuwamo kwenye J.League. Haikuwamo 1994 pia. Ilikuwa daraja la chini, JFL, na iliingia 1995. Sasa huyo jamaa wa mikeka kaanza kuhesabu kutoka mwaka ambao hauna kitu, akaacha miaka yenye mataji.

Majibu yenu ni haya. Kashiwa ilianzishwa 1940 ikiwa timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Hitachi. Ligi ya taifa ya Japani, ile iliyofupishwa JSL, ilianza 1965 na timu nane, zote za makampuni: Mitsubishi, Furukawa, Yanmar, Toyo Kogyo ambayo leo mnaijua kama Mazda, na Hitachi yenyewe ndani yake. Hitachi ikawa bingwa 1972. J.League ilikuja kuichukua 2011, tena ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ikamaliza kazi siku ya mwisho ugenini kwa Urawa, 3-1. Kwa hiyo ni bingwa wa Japani mara mbili, bingwa wa J.League mara moja. Kurasa zote mbili zingekuwa sahihi kama zingesema zinahesabu nini.

Kombe la Mfalme halina mjadala. Ni matatu: 1972, 1975 na 2012. Hilo ni shindano moja tangu 1921. Lilisimama miaka ya vita, likarudi, na hakuna aliyelifunga 1993 na kuanzisha jingine. Hata jina la Mfalme lilikuja baadaye. Mwanzoni washindi walikuwa wakipewa kombe la fedha lililotoka kwa chama cha soka cha Uingereza, likaja kuyeyushwa wakati wa vita serikali ilipokuwa ikikusanya madini, na Waingereza wakawapa jingine 2011. Anayeandika kwamba Kashiwa ina Kombe la Mfalme moja kawafuta Hitachi kwa kalamu yake mwenyewe. Chama cha soka cha Japani hakijawafuta.

Sasa la 2012 au 2013. Tangu 1969, fainali ya kombe hili imekuwa ikichezwa tarehe 1 Januari kwa miaka mingi. Japani ile ni desturi ya Mwaka Mpya: watu wanatoka kuomba kwenye mahekalu, wanakaa mbele ya televisheni. Lakini kombe ni la mwaka lilipoanza, si la siku lilipokabidhiwa. Kashiwa iliifunga Gamba Osaka 1-0 tarehe 1 Januari 2013, kombe la 2012. Lile la 1972 nalo lilichukuliwa tarehe 1 Januari 1973, dhidi ya Yanmar. Anayeweka tarehe ya fainali na anayeweka mwaka wa shindano wakikutana kwenye orodha moja, timu inapata kombe ambalo haikucheza. Nimeona orodha ya Urawa ambayo 2006 ilikuwa na Kombe la Mfalme mara mbili, na aliyeitengeneza hakushtuka. Na msikariri kwamba ni Januari siku zote. 2018 fainali ilikuwa Desemba, na 2022 Ventforet Kofu, timu ya daraja la pili, ililibeba mwezi Oktoba.

Kombe la Ligi: 1999 na 2013. Mkiona "Nabisco" na "Levain" msihesabu mara mbili, ni kombe lile lile, mdhamini ndiye aliyebadilisha jina 2016. Ila Kombe la JSL ambalo Hitachi ilichukua 1976 ni shindano jingine, liandikeni pembeni.

Sasa niseme linaloniudhi. Watu wanadhani jina likibadilika, timu imekufa na nyingine imezaliwa. J.League ilipoanzishwa ilikataa majina ya makampuni kwenye majina ya timu, ikataka kila timu ibebe jina la mji wake. Mitsubishi ikawa Urawa Red Diamonds, Nissan ikawa Yokohama Marinos, Yomiuri ikawa Verdy, na Hitachi ikawa Kashiwa Reysol, neno walilolitunga kwa Kispaniola, mfalme na jua. Lakini usajili, wachezaji, uwanja na mafaili viliendelea. Hata uwanja wa Kashiwa uliendelea kuitwa kwa jina la Hitachi, hadi 2018 ulipopewa jina la mdhamini. Mtu akibadilisha jina lake, watoto wake hawawi yatima.

Mkitaka kuona timu iliyokufa kweli, tazameni Yokohama Flügels. Oktoba 1998 ilitangazwa kwamba wadhamini hawana tena fedha na timu itaunganishwa na Marinos, jirani na mpinzani wao mjini humo. Mashabiki walikusanya saini, haikusaidia. Msimu wa ligi ukaisha, likabaki Kombe la Mfalme tu, ambalo ukifungwa umetoka. Kwa wachezaji wale, kufungwa kulikuwa mwisho wa timu yenyewe. Wakaitoa Jubilo Iwata. Wakaitoa Kashima Antlers. Tarehe 1 Januari 1999 wakaingia fainali na Shimizu S-Pulse, wakatanguliwa kufungwa, wakasawazisha, na Takayuki Yoshida akafunga la pili. 2-1. Wakapokea kombe wakiwa na jezi ambayo isingevaliwa tena.

Kombe hilo, la 1998 mkikumbuka nilivyosema kuhusu Januari, liko kwa nani leo? Marinos waliongeza herufi F kwenye jina lao kwa heshima, lakini kwenye hesabu ya Makombe yao saba ya Mfalme yale mawili ya Flügels hayamo, wakati ya enzi za Nissan yamo. Mashabiki waliokataa kuungana walianzisha Yokohama FC, nayo haikurithi kitu. Yale mawili yamebaki kwa Flügels, timu isiyokuwepo. Mtu anayejumlisha kwa haraka huyabandika kwa Marinos na kuendelea na safari.

Kuhusu jamaa yenu wa mikeka. Najua kwa nini Japani imemvutia: mechi ikianza saa nane mchana Tokyo, hapa ni saa mbili asubuhi, mtu anacheza mkeka kabla ya Ulaya kuamka. Kinachouzwa humo ni "rekodi ya kukutana". Nimetumiwa moja inayosema timu mbili "zilicheza miaka sita bila sare hata moja", kwa hiyo uweke mshindi ufumbe macho. Miaka yenyewe ilikuwa 1993 hadi 1998! J.League wakati huo haikuruhusu sare kabisa. Mkitoka 1-1 mnakwenda muda wa nyongeza, anayefunga kwanza kashinda, na bila bao mnapiga penalti. Sare zilianza kukubaliwa 1999, tena baada ya dakika za nyongeza, na nyongeza yenyewe ikaondolewa 2003. Hiyo "rekodi" ni kanuni ya ligi iliyofutwa zamani, wala haikuambii chochote kuhusu timu hizo.

Mwingine kaandika kwamba Olunga alifunga mabao 8 "ligi kuu". Mabao ni kweli, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa 13, Kyoto Sanga 1, lakini ilikuwa J2, daraja la pili. Ligi kuu alifunga 28 msimu uliofuata, akawa mfungaji bora na mchezaji bora, sifa inayotosha bila kuongezewa chumvi. Na huyo huyo aliniandikia kwamba msimu wa 2026-27, unaoanza Agosti, ni mara ya kwanza Japani kucheza ligi ya kuvuka mwaka. JSL ilicheza hivyo kuanzia 1985-86 hadi ilipofungwa 1992. Lakini ndiyo hivyo tena, kwake dunia ilianza 1993.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wenu wa mashabiki andikeni safu ya JSL, safu ya J.League, Kombe la Mfalme kwa mwaka wa shindano, na mabano ya jina la Hitachi pale linapostahili. Na kabla hamjamlipa huyo muuza mikeka, muulizeni fainali ya 1 Januari 1999 ilikuwa ya kombe la mwaka gani, na leo linahesabiwa kwa nani. Akianza kutafuta kwenye simu, nunueni mandazi ya ile chai.