Mgonjwa anayeogopa kusema kweli

Mhariri, mmeuliza wiki hii: unyanyapaa unaathiri vipi huduma za afya mahali unapoishi? Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Jibu langu ni kwamba unamfundisha mgonjwa kumdanganya anayemtibu.

Msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, na mabibo ndiyo uraka, pombe yetu ya huku. Korosho zikianza kuanguka, vilabu vinajaa tangu asubuhi, wanaume kwa wanawake, na wapo wanaomalizia kwa gongo. Miongoni mwao wamo wanaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU). Siku ya kliniki wanafika CTC, kituo cha huduma na tiba kwa wenye VVU, wameoga na kupiga mswaki mara mbili. Wakiulizwa kama wanakunywa pombe, wanajibu, "Hapana sista, niliacha zamani."

Wanakumbuka yaliyompata mwenzao aliyesema kweli. Nilikuwepo siku hiyo. Nesi alipaza sauti mpaka waliokaa kwenye benchi la nje wakasikia: "Serikali inakupa dawa bure, wewe unashushia na pombe!" Kijana yule, mbeba magunia ghalani, aliumbuliwa kwa virusi na kwa ulevi kwa pamoja, mbele ya majirani zake. Msimu ule wote hakuonekana tena kliniki.

Hasara ya uongo huo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wanaoishi na VVU hupewa pia dawa ya kukinga kifua kikuu, na inayotumika sana ni isoniazidi. Dawa hiyo inaweza kuumiza ini, na pombe inaongeza hatari hiyo. Kabla ya kuiandika, mhudumu anatakiwa ajue mgonjwa anakunywa kiasi gani, amfuatilie kwa karibu, na amwambie awahi kituoni akiona macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Kwa mtu "aliyeacha zamani", nani atahangaika na hayo?

Halafu kuna kuruka dozi. Wengi huku wanaamini pombe na vidonge vikikutana tumboni vinageuka sumu, kwa hiyo siku ya uraka kidonge kinabaki kwenye kopo. Kinachowadhuru ni huko kuruka, maana virusi vinapata nafasi ya kuzaliana na vinaweza kujenga usugu. Kwa TLD, kidonge wanachopewa watu wazima wengi siku hizi, ushauri ni kumeza dozi yako hata kama umekunywa. Mimi nawaambia wameze alfajiri kabla ya kutoka nyumbani. Lakini namwambia nani, kama wote wameshaacha? Kipimo cha wingi wa virusi kikirudi kiko juu, mgonjwa anaitwa mkaidi, na sababu yenyewe haijulikani.

Kwa wanaotumia unga, yaani heroini, hali ni mbaya zaidi. Mlinzi getini anaanza na neno "teja", na mgonjwa akiketi ndani akitetemeka kwa arosto, yaani mwili ukidai unga, watu wanahama benchi. Mtu huyu, kama anachangia sindano, yuko hatarini kupata VVU na homa ya ini. Alistahili kuitwa wa kwanza. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011. Mraibu anainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, na anaweza kumeza ARV zake kwa wakati. Kijana mmoja wa ukoo wetu alihamia Dar es Salaam kwa ajili ya tiba hiyo. Ndugu walitangaza kwamba amekwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hakuna anayethubutu kumpongeza hadharani, ingawa amepona vidonda na amenenepa.

Siwabebeshi manesi lawama zote. Wako wachache, foleni ni ndefu, na vyumba vingine vimetengwa kwa pazia tu. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inataka siri ya mgonjwa itunzwe, na sauti ya chini haihitaji bajeti. Naomba swali la pombe liulizwe faraghani, tena liulizwe hivi: "Wiki hii umekunywa siku ngapi?" Ukiuliza "Unakunywa?" utajibiwa hapana. Na aliyepotea akirudi, apewe kiti na dawa zake kwanza. Habari ya alikokuwa ataisimulia mwenyewe.