Leza na macho ya rubani: majibu kwa maswali ya wasomaji

Tunaishi Kipawa, jirani na kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam. Vijana wa mtaani humulika ndege zinazotua kwa vitochi vya leza vya kijani. Kitochi kidogo vile kitamfanya nini rubani aliye juu kule?

Kitamnyima macho katika sekunde anazoyahitaji kuliko zote. Wengi hudhani mwali wa leza hubaki mwembamba kama ile nukta wanayoiona ukutani. Sivyo. Leza ya kawaida hutanuka kama mita 1 katika kila kilomita 1. Ndege ikiwa kilomita moja kutoka kwako, nukta imeshakuwa duara la mita nzima, na hapo huhitaji shabaha kubwa kulipata dirisha la rubani. Vioo vya mbele vya ndege ni vinene, vya matabaka, na havikosi vumbi na mikwaruzo midogo. Mwanga ukivigonga hutawanyika, na chumba kizima cha rubani hujaa kijani. Tena ni usiku: taa za humo ndani zimepunguzwa ili marubani waone nje, na mboni zao zimepanuka.

Chukua kitochi chenye nguvu ya miliwati 5 (5 mW). Hadi mita 16 hivi kinaweza kuumiza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla mtu hajapepesa jicho. Hadi mita 80 kinapofusha kwa muda, yaani doa linabaki machoni hata mwanga ukishaondoka. Hadi kama mita 360 mng'ao wake unaficha kilicho nyuma yake. Hadi kilomita 3.5 bado unamshtua rubani na kumtoa kwenye kazi yake. Sasa chukua cha miliwati 500, ambavyo vinauzwa mtandaoni bila shida: umbali wote huo unazidishwa mara 10.

Ndege ya abiria iliyobakiza kilomita 3.5 kufika njia ya kutua iko karibu mita 200 tu juu ya ardhi, ikienda kama kilomita 260 kwa saa. Rubani akipoteza kuona kwa sekunde 5, ndege imesonga mita 360 na kushuka kama mita 19. Ni kama dereva anayepigwa fulu laiti usiku barabarani, ila rubani hana pa kuegesha.

Mbona hatusikii ndege imeanguka kwa sababu ya leza?

Hakuna ajali ya ndege ya abiria iliyothibitishwa kusababishwa na kitochi cha leza, na sifa ni ya marubani, waliofunzwa kufanya kazi wakiwa wawili. Lakini matukio ni mengi mno. Marekani peke yake, mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ilipokea taarifa 2,836 mwaka 2010. Mwaka 2023 zilifika 13,304, na mwaka 2024 zikawa 12,840. Tarehe 14 Februari 2016 ndege ya Virgin Atlantic iliyotoka Heathrow, London, kwenda New York ilimulikwa muda mfupi baada ya kuruka. Rubani msaidizi akajisikia vibaya, safari ikakatizwa, ndege ikarudi London na abiria wake wote.

Helikopta ndizo zinazotutia hofu zaidi. Huruka chini na polepole, vioo vyake ni vikubwa, na mara nyingi rubani ni mmoja. Akipofuka yeye, hakuna wa kumkabidhi usukani.

Leza yangu ni nyekundu. Si afadhali?

Kwa kupofusha, ndiyo, kidogo. Jicho la mtu huona vizuri zaidi rangi iliyo karibu na nanomita 555 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Leza ya kijani ni nanomita 532, nyekundu ya kawaida ni 650, kwa hiyo kwa nguvu ileile kijani huonekana iking'aa kama mara nane zaidi. Kwa kuunguza retina rangi hizo mbili hazitofautiani. Usimulike ndege kwa yoyote.

Kitochi changu kimeandikwa "chini ya 5 mW". Niamini?

Usiamini. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza mwaka 2013 matokeo ya kupima vitochi 122: asilimia 90 ya vya kijani na asilimia 44 ya vyekundu havikutimiza masharti ya usalama. Vya kijani vina tatizo lao. Ndani yake kuna diodi, kifaa kidogo cha kutoa mwanga, ya miale isiyoonekana, nanomita 808, inayosukuma kifuwele kutoa nanomita 1064, kisha kifuwele cha pili kinaigeuza kuwa kijani cha 532. Chujio la kuzuia masalia ya miale hiyo lina gharama, na watengenezaji wa bei rahisi huliacha. Unaona kijani hafifu, kumbe miale usiyoiona inatoka kwa nguvu, na jicho halipepesi kwa kisichoonekana. Mtoto asipewe kabisa kitu hiki kuchezea.

Ninasomea urubani Nairobi. Nikimulikwa wakati wa kutua nifanye nini?

Geuza uso, ukinge kwa mkono, na usitafute mwanga unatoka wapi. Hamu ya kutazama ni kubwa, na ndiyo inayoumiza. Mwambie mwenzako kwa sauti. Kama yeye hakupigwa, mkabidhi ndege mara moja. Kama uko peke yako na ndege ina otopailoti, iwashe. Ongeza taa za chumba cha rubani ili mboni zisinyae na doa lisikutawale. Soma vifaa, si dirisha. Ukiwa hatua za mwisho na huioni njia, usilazimishe: ongeza nguvu, panda, zunguka, urudi ukiwa unaona. Kisha mweleze mwongoza ndege mahali ulipokuwa, kimo, rangi ya mwanga na upande ulikotokea, maana kuna ndege nyingine nyuma yako.

Usisugue macho. Maumivu mengi yanayofuata hutokana na konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, kukwaruzwa na kusugua kwenyewe. Ukitua, tazama mchoro wa Amsler, yaani miraba iliyochorwa kwa mistari iliyonyooka ya kupimia macho, kwa jicho moja moja. Mamlaka ya anga ya Uingereza ina kadi ya kujipima ya namna hiyo kwa marubani. Mistari ikionekana imepinda au kuna doa lisiloondoka, nenda kwa daktari wa macho na usiruke tena kabla hajakuruhusu.

Miwani ya kuzuia leza haimalizi tatizo. Inayozuia kijani hufifisha pia kijani cha skrini za ndege na zile taa za kijani za mwanzo wa njia ya kutua.

Mechi ya Senegal na Misri mwaka 2022, Mohamed Salah alijaa kijani usoni. Hakupofuka. Kwa nini mnatisha watu kuhusu ndege?

Salah alikosa penalti yake kwenye mechi hiyo, na FIFA ililitoza faini shirikisho la soka la Senegal kwa makosa kadhaa ya usiku huo, leza zikiwemo. Mchezaji anaweza kusimama akasubiri. Ndege haisimami hewani.

Tunafunga taa za leza kwenye ukumbi wa harusi ulio wazi juu. Tuna haja ya kibali?

Kwanza jiulize kama miale inahitaji kwenda juu. Ielekeze ukutani, jukwaani au kwenye turubai, na hakikisha haipiti juu ya ukuta hata kichwa cha mashine kikizunguka. Funga kikomo cha chuma au ubao mweusi, usitegemee programu pekee. Ikibidi iende angani, wasiliana mapema na mamlaka ya anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, ukiwa na mahali, saa, nguvu na pembe za miale. Awepo mtu wa kutazama anga tu, kazi yake ikiwa kuzima kila ndege inapokaribia. Taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hulinda anga hadi kilomita 18.5 kuzunguka kiwanja, kwa hiyo "tuko mbali na eapoti" si hoja.

Nikimwona mtu akimulika, nimripoti wapi?

Polisi, au ofisi ya usalama ya kiwanja kilicho karibu. Andika saa kamili, mahali, rangi, na ndege ilikuwa ikielekea wapi. Saa ndiyo hulinganishwa na taarifa ya rubani. Usimpokonye mtu kitochi usiku, anaweza kukigeuzia machoni mwako. Akiwa ni mtoto, ongea na wazazi wake usiku huohuo. Waambie pia kwamba kuhatarisha ndege ni kosa la jinai, na kwamba Uingereza na Marekani kifungo chake hufika miaka 5.