Asante kwa Wanaosoma Miswada

Swali la wiki hii ni: "Ni akina nani wanaokufanyia kazi ambayo huioni, na ungepata nafasi ungewaambia nini?" Mimi naishi Marekani na namiliki bastola kwa kufuata sheria. Jibu langu ni watu wa vyama vinavyotetea haki ya kumiliki silaha.

Simsemi yule anayepanda jukwaani wakati wa kampeni na kupaza sauti. Nawasema wale ambao hata majina yao siyajui: mwanasheria anayepitia kanuni za manispaa kifungu baada ya kifungu, mtu wa kujitolea anayeomba ruhusa kazini ili akatoe maoni mbele ya kamati ya bunge la jimbo, mkufunzi anayekaa na mtu asiyewahi kugusa silaha mpaka mikono yake iache kutetemeka. Miswada kuhusu silaha huwasilishwa kwenye majimbo mwaka hadi mwaka, mingine ikiwa na kurasa nyingi na vifungu vinavyorejea sheria nyingine za zamani. Wengi wetu tuko kazini au tunalea watoto. Lazima awepo wa kuisoma.

Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya watu kumiliki na kubeba silaha, yaliidhinishwa mwaka 1791, lakini ilibidi kusubiri hadi 2008 ndipo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Jiji la Washington dhidi ya Heller, ilipotamka wazi kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na kwamba inagusa bastola ya kujilinda nyumbani. Majaji walikuwa 5 kwa 4. Mwaka 2010 Otis McDonald, mzee Mweusi mstaafu wa Chicago ambaye nyumba yake ilikuwa ikivunjwa na wezi, alishinda kesi iliyoamua kwamba haki hiyo inazibana pia serikali za majimbo na miji. Pamoja naye mahakamani walikuwa Second Amendment Foundation, chama kilichoanzishwa mwaka 1974, na chama cha walenga shabaha cha jimbo la Illinois. Ushindi huo ulitangazwa kila mahali, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akijue. Siku chache baada ya hukumu, jiji la Chicago lilitunga kanuni mpya. Anayetaka kibali cha silaha alitakiwa apate mafunzo, na sehemu ya mafunzo hayo ilikuwa saa moja ya kufyatua risasi kwenye uwanja wa shabaha. Sharti hilo ni la busara, na mimi naliunga mkono kabisa. Lakini kanuni hizohizo zilipiga marufuku viwanja vya shabaha vya umma katika jiji zima! Yaani unaambiwa ujifunze, kisha unafungiwa kila mlango wa darasa.

Vyama vile viwili vikarudi mahakamani pamoja na wakazi wa jiji. Jiji likajitetea kwamba mtu anaweza kwenda kufanya mazoezi kwenye miji ya jirani. Kwa mwenye gari na siku ya mapumziko, hiyo si taabu. Kwa mama anayefanya kazi mbili na kutegemea basi, ni sawa na kunyimwa. Julai 2011 Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi huo: haki ya Katiba haiondolewi mahali fulani kwa kisingizio kwamba inapatikana kwingine. Jiji likaruhusu viwanja, ila likabana maeneo vinapoweza kujengwa na umri wa wanaoingia, na mvutano huo ukaendelea mahakamani hadi 2017. Zaidi ya miaka sita inapiganiwa ruhusa ya kujifunza salama. Ni akina nani wana subira hiyo? Na ni nani kati yetu, peke yake, angeweza kumlipa wakili muda wote huo?

Nina sababu nyingine, na hii ni yangu binafsi. Mimi si raia. Ni mkazi wa kudumu mwenye grini kadi. Sheria ya shirikisho inaturuhusu watu wa namna yangu kumiliki silaha, lakini baadhi ya majimbo yalitutenga. Massachusetts haikuwa ikitoa leseni ya bastola kwa mkazi wa kudumu, hata kama anataka kuiweka nyumbani tu. Chama kidogo cha jimbo hilo, Commonwealth Second Amendment, pamoja na Second Amendment Foundation, kikasimama na wakazi wawili wasio raia. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba kuwatenga hivyo kulikiuka Katiba.

Sisi wahamiaji tusio raia hatupigi kura katika uchaguzi wa kitaifa. Hakuna mwanasiasa anayenenepa kwa kututetea. Waliotusimamia hawakuwa na cha kuvuna kwetu, na ndiyo maana naumia ninaposikia watu wakisema kwamba vyama hivi vyote ni mitambo ya kura na fedha. Aliyeisukuma kesi ile alikuwa anaamini neno "watu" katika Katiba linamhusu na mgeni aliyekubaliwa kuishi nchini.

Tena kuna mambo ya New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, polisi walichukua silaha za wakazi ambao hawakuwa na kosa lolote, wakati simu hazishiki na msaada haufiki. National Rifle Association (NRA) na Second Amendment Foundation waliomba amri ya mahakama na wakaipata. Jiji lilikana kuwa na silaha hizo, halafu mwaka 2006 likakiri kwamba linazo.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote haifanywi mahakamani. NRA ilianzishwa mwaka 1871 na maofisa waliosikitishwa na jinsi askari walivyokosa shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1949 ilishirikiana na jimbo la New York kuanzisha mafunzo ya wawindaji. National Shooting Sports Foundation, ambacho ni chama cha wenye viwanda na maduka ya silaha, kimekuwa kikigawa makufuli ya waya bure tangu 1999, na yamevuka milioni 40. Kufuli hilo hupitishwa ndani ya bunduki, nayo haiwezi kufyatuka mpaka lifunguliwe. Tangu 2016 chama hicho kinashirikiana na wataalamu wa kuzuia kujiua kuwafundisha wauza silaha dalili za mteja aliyekata tamaa. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Muuzaji anayemwambia mteja "rudi kesho tuzungumze" anaweza kuokoa maisha, na hakuna atakayejua.

Wapo watakaoniuliza: mbona vyama hivyohivyo hupinga karibu kila sheria mpya? Ni kweli, mara nyingine hupinga hata pasipostahili. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikubali, majaji 8 kwa 1, kwamba mtu aliye chini ya amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Nilifurahi, ingawa baadhi ya watetezi wetu walikuwa wakitaka matokeo mengine. Na Februari mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama (jury) katika kesi ya madai New York lilimkuta Wayne LaPierre, aliyeongoza NRA kwa miaka mingi, na kosa la kufuja fedha za chama. Zilikuwa fedha za wanachama, wengi wao watu wa kipato cha kawaida. Hilo ni kosa kubwa, na linawadhulumu zaidi wale wanaofanya kazi kwa moyo safi.

Kwa hao wa moyo safi ningesema asante, bila kupunguza neno. Kisha ningewaomba jambo moja. Barua zenu za kuomba michango hututisha mno na kutueleza kidogo. Acheni vitisho. Tuandikieni kesi imefikia wapi, imegharimu kiasi gani hadi sasa, mmegawa makufuli mangapi na mmefundisha watu wangapi. Tutachanga.